Nilivyotafuta pa Kulala Karibu na Hospitali

Tangu nirudi, siku za soko siuzi muhogo kwa amani. Kila anayekuja ananiuliza yale yale: ulienda wapi na tumbo kubwa hivyo, mbona hukuzalia hapa, na ni kweli mama yako alikuzuia langoni? Mama Robi, ninayeuza naye sokoni, peke yake ameniuliza mara tatu, na kila nikifika katikati anakuja mteja, naanza upya. Nimechoka kuanza upya. Nimeandika mara moja, na nimeandika kwa Kiswahili ili Mama Robi, ambaye ni Mkuria wa Ntimaru, asome mwenyewe bila kumtafuta Mjaluo wa kumfasiria. Habari za nauli na karatasi za kliniki nimeziacha, hazina utamu.

Kabla ya kutoka Osiri

Kwanza mjue shida yenyewe. Watoto wangu hawabishi hodi. Atieno, wa kwanza, alinipa nafasi ya kutua mtungi na kuingia ndani. Ouma alizaliwa kabla ugali haujaiva. Achieng, wa tatu, alizaliwa kwenye njia ya kutoka mtoni, mchana kweupe, na mama mkwe wangu akampokea juu ya majani. Mama mkwe ndiye mkunga wa upande wetu wa Osiri. Watoto wanamwita Dani, yaani bibi, na mimi pia namwita hivyo.

Achieng alilia vizuri, kondo la nyuma likatoka vizuri, nikadhani kazi imekwisha. Ndipo damu ikaanza. Ilijaza leso, ikajaza gunia lililokuwa chini ya leso. Dani alinikandamiza tumbo kwa ngumi mpaka jasho lake likawa linanidondokea usoni. Nilisikia baridi jua likiwa kali, na nilikuwa sijali kitu. Watoto wangu wawili walikuwa wamesimama pale wakinitazama na mimi sijali. Hilo la kutojali ndilo linaloniogopesha mpaka leo kuliko damu yenyewe. Walinibeba kwa kitanda hadi barabarani, lori la mchanga likanifikisha Migori, na nilipozinduka nilimkuta mume wangu, Okello, amekaa sakafuni ameshika viatu vyangu.

Basi mimba ya nne ilipokuja, hakuna aliyepiga vigelegele. Tulikaa watu watatu, mimi na Okello na Dani, tukaanza kupima.

Kuzalia nyumbani, mikononi mwa Dani. Nilidhani yeye ndiye atakayeng'ang'ania hilo, maana amezalisha nusu ya watu wa kwetu na hapendi kuambiwa kazi yake. Akasema, "Mara ile damu ilisimama. Sijui kama ni mimi niliyeisimamisha au ilichoka yenyewe. Sitaki kujaribu tena ili nijue."

Kuzalia Migori. Mkunga wa zahanati alinieleza bila kunificha. Sindano ya kukaza tumbo la uzazi anayo, lakini sindano ikishindwa, damu ya kuniongezea hana. Itabidi nipelekwe mbali, na gari huenda likawepo, huenda lisiwepo. "Na wewe, kwa mbio zako," akasema, "hata hapa kwangu hutafika. Utazalia kwenye lori."

Likabaki la tatu: kwenda Homa Bay mapema, mtoto akiwa bado, nikae karibu na hospitali nikimngoja. Mimi ni mtu wa Kanyada, kwetu ni pale pale juu ya mji, na ukisimama kwenye lango la baba yangu unaona mabati ya hospitali. Nikasema nitakaa kwa Mama, uchungu ukianza nateremka kilima. Okello alifurahi mpaka akacheka. Dani alinitazama tu, akanusa ugoro wake, akasema, "Kwa mama yako." Kisha akasema atanisindikiza, akaenda kutafuta wembe mpya.

Osiri hadi Migori

Tulitoka na lori la mahindi. Dereva alinipa kiti cha mbele na Dani akapanda nyuma juu ya magunia na furushi lake, ambalo hakutaka mtu aliguse. Ndani yake kulikuwa na wembe, uzi, vitambaa vilivyochemshwa na kuanikwa, na ugoro wa kutosha mwezi mzima. Barabara mnaijua. Kila tulipopita shimo Dani alipiga bodi ya lori kwa ngumi, na dereva alipunguza mwendo bila kubisha.

Migori tulilala kwa Mama Robi, na hapa lazima niseme ukweli hata kama anasoma. Aliniona nimeshuka na tumbo na furushi, nyuma yangu mama mkwe amenuna kwa vumbi, akadhani narudishwa kwetu. Akamkalisha Dani kwenye kiti kizuri na kuanza kumwomba msamaha kwa niaba yangu. Huyu msichana ana mdomo, ni kweli, lakini ni mchapakazi, usimrudishe, mimba si yake peke yake. Dani Kiswahili chake ni cha kununulia chumvi. Kila neno aliitika, "Ndiyo, ndiyo." Mimi nilikuwa nje naoga. Nilipoingia nilimkuta Mama Robi analia, na Dani ananiuliza kwa Kijaluo huyu mama amefiwa na nani.

Tulicheka sana tukala ugali wa wimbi na maziwa ya mgando. Lakini Mama Robi alipojua safari yetu aliacha kucheka. Aliniuliza, "Ukifika huko na ukazaa salama, vizuri. Ukifika na damu ikaja?" Nikamwambia huko kuna damu ya kuongeza. Akasema basi niende, na asubuhi akanifungia viazi vitamu vilivyochemshwa.

Migori hadi Rongo

Kondakta wa basi alitazama tumbo langu kabla ya kunitazama mimi. "Mama, hii gari ni ya abiria, si ya kuzalia."

"Abiria ni mimi," nikamwambia. "Huyu mwingine hajafika."

Watu wakacheka, akaona haya, akanipa kiti karibu na mlango, nadhani ili iwe rahisi kunishusha. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Tulipita Sare vizuri, lakini kabla ya Rongo tulikuta kijito kimepanda juu ya barabara, na dereva akazima injini akasema tungoje maji yapungue. Tukashuka sote, tukakaa kwenye nyasi. Hapo ndipo tumbo langu likawa mali ya umma.

Lilianza na mama mmoja Mkisii aliyekuwa na mikungu ya ndizi. Alimwuliza Dani tunaenda wapi na mzigo huo. Dani, ambaye kwa Mama Robi hakuwa na Kiswahili, kwa jambo hili alikipata chote. "Huyu mtoto yake haraka. Inatoka tu. Halafu damu mingi, mingi sana. Karibu kufa."

Ningeweza kuingia chini ya basi kwa aibu. Lakini walikuwa wameshika habari, hawaiachi. Mwalimu mmoja wa kanisa alisema mwanamke akae nyumbani aombe, wangapi wamezaa njiani wakikimbilia hospitali. Dereva alisema hapana, dada yake alikaa nyumbani akaomba, na wamemzika. Mwalimu wa kanisa akasema pole. Mwanamume mwenye baiskeli alitaka kujua kwa nini nisikae hospitalini tangu mwezi wa saba. Mama wa ndizi akamjibu kwamba hospitali si nyumba ya wageni, vitanda ni vya wagonjwa. Kisha akanigeukia mimi, mtu wa kwanza kuniuliza mwenyewe: "Utalala wapi ukingoja?"

"Kwa Mama," nikasema. "Kwetu ni pale pale."

Wajaluo wote wakaangalia pembeni. Mwenye baiskeli alianza kukagua gurudumu lake ambalo halikuwa na shida yoyote. Mama wa ndizi akashangaa. "Mbona mmenyamaza? Kwa mama yake si ndiyo pazuri?"

Dereva ndiye aliyemweleza. "Kwetu, mama, binti aliyeolewa hazalii ndani ya boma la baba yake. Ni mwiko mkubwa. Akizaa pale, balaa inaingia katika boma. Inaweza kumchukua yeye, au mtoto, au ndugu zake wa kiume."

"Sitazalia pale," nikasema. "Nitalala tu. Uchungu ukianza natoka."

"Huyu wa mwisho alikupa muda gani?" akauliza dereva. Hakuuliza kwa ubaya. Hapo nikaelewa. Ile haraka inayonifanya nihitaji kulala karibu na hospitali ndiyo inayonikataza kulala kwa baba yangu. Nilikuwa nimepanga safari nzima na Okello tukicheka, na hatukuliona hilo, sisi Wajaluo wawili watu wazima. Mama wa ndizi alikata ndizi mbivu akaniwekea mkononi. Nilikula bila kuisikia ladha.

Rongo

Maji yalipungua, tukafika Rongo jioni, tukakosa gari la Homa Bay. Tulikaa kwenye hoteli ndogo ya chai, Dani akaagiza mandazi, nikamwuliza kama alijua.

"Nilijua," akasema.

"Mbona hukusema?"

"Si boma langu. Nitamfundishaje baba yako mambo ya boma lake?" Alichovya andazi kwenye chai akalila lote kabla ya kuendelea. "Na ningesema, Nyar Kanyada, ungebaki Osiri." Hivyo ndivyo anavyoniita, binti wa Kanyada, kama wake wote wanavyoitwa kwa walikotoka.

Nilimkasirikia. Halafu nikafikiria jinsi ambavyo ningebaki kweli, na yeye angenipokelea mtoto, na hakutaka. Tulilala kwa mke wa mwenye hoteli, juu ya mkeka, na Dani alikoroma vizuri.

Rongo hadi Homa Bay

Kesho yake tulipata lori la pamba hadi Rodi, tukala nyoyo, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, kwa mwanamke aliyeuzia chini ya mwavuli, tukangoja tena. Sina mengi ya kusema juu ya Rodi ila kwamba nyoyo yake ilikuwa na chumvi nyingi na kwamba nilikuwa na woga. Kila mara mtoto alipogeuka tumboni nilishika mkono wa Dani. Alikuwa ananiambia, "Anacheza tu," na anaendelea kunusa ugoro.

Tulipoteremka kuelekea ziwani niliona maji yamepanda na kumeza yale mashamba ya chini tuliyokuwa tukilima mtama nikiwa msichana. Nilitamani kusimama nitazame, lakini tulikwenda moja kwa moja hospitalini. Muuguzi alinisikiliza mpaka mwisho, akanipima, akasema mtoto amekaa vizuri. Akasema wodi ni ya wenye uchungu na wagonjwa, lakini nikae karibu. "Ukisikia tumbo limekaza, hata kidogo, njoo. Usingoje kuoga." Akaniambia pia nilete ndugu apimwe damu mapema, isije ikatafutwa wakati hakuna nafasi. Nilimpenda yule muuguzi kwa sababu hakuniambia nitulie.

Langoni kwa Baba

Mama alituona tukipanda kilima, akaja mbio na unga mikononi. Alifika langoni akasimama, akashika nguzo zote mbili za lango kama anayezuia ng'ombe.

"Awino mwanangu, simama hapo hapo."

Nilisimama. Dani alikuwa amesimama zamani, hatua kadhaa nyuma. Yeye ni mkwe, hawezi kuingia kwa wakwe zake hivi hivi bila kuitwa na bila chochote mkononi. Basi tukawa wawili nje ya lango, mmoja kwa sababu ya ukwe na mwingine kwa sababu ya tumbo.

"Nitalala tu, Mama," nikasema.

"Wewe unazaa kati ya sufuria na sahani. Ukilala humu utazalia humu." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta kwa sababu ya unga. "Ochieng yumo humu ndani, kaka yako mmoja tu. Na wewe mwenyewe. Unataka nikufungulie uje ufe?"

"Na nisipolala humo nikafie wapi?"

"Usiniulize hivyo," akasema Mama.

Nilikuwa na hasira naye, na nilijua kwamba ningekuwa yeye ningeshika nguzo zile zile. Alituletea samaki, ngege wa kuchemsha, na ugali, tukala tumekaa kwenye nyasi nje, na yeye akala upande wake wa ndani, ili tuwe tumekula pamoja. Baba alikuja kutoka zizini. Ni mzee wa kanisa na ni mzee wa mila, na maneno yake si mengi. Alimsalimu Dani kwa heshima zote za mkwe, akamwuliza kama mvua imenyesha Osiri. Akaniuliza mimi kama barabara ni mbaya. Akatazama kibanda cha pamba, kile tunachowekea magunia kabla ya kuyapeleka kiwandani, kilichoko ndani ya ua, pembeni ya lango, upande wa barabara. Kisha akaondoka. Mimi nitakufa, nikasema moyoni, na huyu anauliza mvua.

Tulirudi hospitalini tukalala barazani na jamaa za wagonjwa. Ochieng alikuja nasi akapimwa damu. Ni kijana mkubwa anayebeba gunia la pamba kwa bega moja, na alipoiona sindano ilibidi akalishwe chini. Lakini ilifaa. Muuguzi alisema damu zetu zinapatana, Ochieng akauliza kama anaweza kwenda sasa.

Kibanda cha pamba

Asubuhi Mama alikuja barazani. "Baba yako anawaita."

Tulipopanda nilifikiri nimepotea njia. Ua wetu ni wa ojuok, ule mmea wa vijiti vya kijani wenye maziwa makali, na tangu nizaliwe umezunguka boma kwa mviringo. Sasa upande mmoja ulikuwa umepinda kuelekea ndani kama kiwiko. Baba na Ochieng walikuwa wameung'oa karibu na lango, wakaupanda upya nyuma ya kibanda cha pamba. Udongo ulikuwa bado mbichi. Lango lilikuwa pale pale, halikuguswa, lakini kibanda kilikuwa nje. Baba alikuwa amevimba jicho moja kwa maziwa ya ojuok, halifunguki, na Mama alikuwa akilikanda kwa kitambaa cha maji.

Baba hakuzungumza nami. Mwanamume hazungumzi na binti yake habari za kuzaa. Alizungumza na Dani. "Mkwe wangu, kibanda hiki sasa kiko barabarani. Barabarani analala mtu yeyote. Hata wewe."

Dani alipiga magoti kumshukuru, na Baba akaenda kuosha jembe.

Jirani mmoja, mzee mwenzake, alikuja kuuliza ni ua gani huu wa kupindapinda, na tangu lini mtu akahamisha boma kwa ajili ya mwanamke anayengoja kuzaa. Baba alimjibu kwamba ng'ombe walikuwa wanauvunja upande ule. Yule mzee alitazama ng'ombe, akatazama kibanda, akanitazama mimi. Alikaa akanywa uji, wakaongea habari za bei ya pamba.

Tukaanza kungoja. Tulilala juu ya magunia, mimi na Dani, ndani ya harufu ya mbegu za pamba. Mama alipika uji wa mtama, Dani akasema uji wa mtama unafunga choo, akapika wake kwenye mafiga matatu nje. Kila siku nilikula mara mbili ya kila kitu, kila mama akinitazama kama nimemaliza cha kwake. Waligombana kwa upole juu ya mboga, juu ya chumvi, juu ya upande wa kulalia. Sijawahi kuchoka kwa kula namna ile.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi. Nilikuwa nachagua mawe kwenye maharagwe. Tumbo likakaza, nikaweka ungo chini, nikamwambia Dani, "Twende." Nikasimama. Nilipofika mlangoni nilijua sifiki hospitalini, wala sifiki barabarani. Dani alikuwa ameshatandika vitambaa kwenye magunia. Mama alizunguka kwa mbio kupitia langoni, na alipoingia mtoto alikuwa amefika, msichana, analia.

Mama akatazama ule ua nyuma ya kibanda. Ulikuwa karibu kiasi kwamba ungeweza kuugusa kwa kunyoosha mkono. Akasema kwa sauti ndogo, "Nje."

Kondo la nyuma lilitoka. Tukangoja sote watatu. Kisha nikalisikia lile joto chini yangu, na nikaona uso wa Dani.

Hakupiga kelele. Alikunja ngumi akaiweka tumboni akakandamiza, akamwita Ochieng, ambaye alikuwa ameegesha mkokoteni wa pamba nje tangu siku tuliyohamia. Walinibeba na gunia langu. Dani alipanda juu ya mkokoteni, akapiga magoti juu yangu, goti moja huku na jingine huku, ngumi haikutoka tumboni mwangu. Hivyo ndivyo tulivyoteremka kilima, Ochieng akizuia mkokoteni kwa mgongo, Mama nyuma na mtoto kwenye leso. Mwanamke mmoja njiani alidhani ni maiti inapelekwa, akaanza kuomboleza. Dani akamwambia anyamaze, mtu bado anatumika.

Nilisikia baridi kama mara ile. Lakini safari hii nilikuwa najali. Nilimsikia mtoto analia nyuma na nilikuwa najali mpaka inauma, nikamwambia Dani, "Usiache," na yeye hakuwa na pumzi ya kunijibu.

Yule muuguzi alitukuta mlangoni. Walinidunga sindano, wakadunga nyingine. Walimtoa Dani mikono yake kwa nguvu, maana vidole vilikuwa vimekaza havifunguki. Damu ilipungua, haikukoma upesi, wakaniwekea ya Ochieng. Aliitoa amefumba macho, akimwuliza muuguzi kila mara kama bado kidogo. Jioni niliweza kuomba maji. Mama alinieleza kwamba Baba alikuwa amekaa nje chini ya dirisha tangu mchana, kofia magotini, na kwamba hakumwuliza mtu lolote ila jambo moja: damu ya Ochieng imetosha, au watoe na yake.

Kurudi

Nilikaa hospitalini mpaka nikaweza kutembea bila kushika ukuta. Baba ndiye aliyempa mtoto jina. Akasema huyu amezaliwa njiani, basi ni Ayoo, hivyo ndivyo Wajaluo wanavyomwita msichana aliyezaliwa njiani. Alilitamka jina hilo mbele ya yule mzee jirani, polepole, akangoja kama kuna mwenye neno. Hakukuwa na mwenye neno.

Mnaniuliza ni lipi bora, nyumbani au hospitali. Mimi siwezi kuwachagulia. Najua tu kwamba bila ngumi ya Dani nisingefika mlangoni, na bila sindano na damu ya Ochieng ngumi ya Dani ingechoka. Mwenye watoto wa haraka kama wangu na asiwe na hata moja kati ya hayo, aanze kutafuta mapema, na kabla ya yote ajue atalala wapi.

Siku ya kuondoka tulisimama langoni kuaga. Ochieng alikuwa na jembe begani, akamwuliza Baba aurudishe ua mahali pake leo au angoje udongo ukauke. Baba alivuta kijiti kimoja cha ojuok kuona kama kimeshika. Kilikuwa kimeshika.

"Wacha hapo," akasema.

Tulirudi kwa njia ile ile, Rodi, Rongo, Sare, bila mvua na bila jambo la kusimulia. Kondakta alikuwa yule yule, akambeba Ayoo hadi kwenye kiti akasema abiria amefika.

Nina mdogo wangu wa kike, ameolewa Ndhiwa. Juzi mama mmoja muuza samaki ameniletea salamu za Mama: mdogo wangu ana mimba, ni ya kwanza, na hakuna ajuaye itakuwaje. Baba naye, ambaye maishani sijamwona ameshika ufagio, amefagia kibanda cha pamba.